Ombi la Kupiga Marufuku Muhali Katika Yadi za Pikapu

Junda, Kisauni

Ndugu Mhariri,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na wapiga chapa wako, na yule bwana wa meza ya barua ambaye hunifupisha bila kuniuliza. Mimi ni mzima wa mwili, na hasira zangu nazo ni nzima.

Safari hii sikuandikii juu ya mitaro, wala taa za barabarani, wala vile vipaza sauti vya mikutano ambavyo ulivikata katikati ya barua yangu iliyopita. Hayo nimekusamehe. Naandika kuiomba serikali ya kaunti yetu itunge sheria, tena haraka, ya kupiga marufuku muhali katika yadi zote za magari ya mkono wa pili, kuanzia Likoni hadi Changamwe hadi huku kwetu Kisauni, na hasa katika uuzaji wa pikapu.

Wasomaji wako wa mbali huenda hawajui muhali ni kitu gani. Muhali ni maradhi yetu sisi watu wa Pwani ya kushindwa kumwambia "hapana" mtu tunayemjua. Akikuomba, unaona haya kumnyima. Akikuuzia, unaona haya kukagua. Akikuuzia kibovu, unaona haya kumkumbusha. Wageni wakifika kwetu hutusifu, wakasema watu wa Pwani ni wastaarabu mno. Nami nilikuwa nikiipokea sifa hiyo kwa mikono miwili, mpaka siku nilipotakiwa kununua pikapu.

Nieleze kwanza pikapu ni ya nini, maana najua utauliza.

Mama yangu amepita miaka themanini. Ndugu zake wote wametangulia mbele ya haki, amebaki mmoja tu, mdogo wake, Khala Basma, aliyeolewa zamani na mwenye duka huko Wundanyi, juu ya milima ya Taita. Mwaka jana Khala alianguka akavunjika nyonga, na tangu hapo hawezi kushuka mlima. Kwa hiyo mama ndiye wa kupanda. Na anataka kupanda kabla ya Ramadhani, kwa sababu, nanukuu maneno yake, "mimi na Basma hatuna Ramadhani za kuchezea."

Shida ni kwamba mama halali nje ya nyumba yake, wala haingii choo cha watu. Si kwa kiburi. Ndivyo alivyolelewa. Mara ya mwisho kumpeleka harusini Malindi alijizuia kutwa nzima, tukamrejesha na homa. Wundanyi si safari ya kwenda na kurudi siku moja kwa mwanamke wa umri wake, na nyumba ya Khala, ijapokuwa ya dada yake wa tumbo moja, kwa sheria za mama ni nyumba ya watu.

Ndipo ndugu yangu mdogo, Anis, akapata karavani. Wazee wawili wa Kijerumani waliokuwa wakiishi Diani walikuwa wanarudi kwao, wakauza nyumba yao ya magurudumu yenye kitanda, jiko na choo chake ndani. Ikaletwa Junda kwa trekta la kukodi kupitia Dongo Kundu, ikaegeshwa uani kwa dada yangu Ruwaida. Mama akaingia, akafungua mlango wa choo, akaufunga, akaufungua tena. Akauliza, "Hiki changu peke yangu?" Tukamwambia ndiyo. "Basi nipelekeni kwa Basma."

Tangu siku hiyo ameitundikia pazia, ameifukiza udi, na wageni wake anawapokea humo humo. Kila magharibi humpigia Khala simu na kumwambia, "Tandika nje, miye naja na nyumba yangu." Kilichobaki ni cha kuivuta.

Ukoo ukaunda kamati ya pikapu, na mimi nikachaguliwa mwenyekiti kwa kosa la kusoma sana. Basi nikasoma. Nilichojifunza hakihitaji chuo kikuu. Pikapu ya kuvuta isizidiwe uzito na inachokivuta. Chesi, ule mfupa wa chini wa gari, isiwe na kutu, maana hewa yetu ya chumvi hula chuma kama mchwa ulavyo mlango. Ndoano ya kuvutia ifungwe kwenye chesi yenyewe, si kwenye bampa. Klachi, breki na rejeta ziwe za mtu anayepanda mlima, si za mtu anayekwenda sokoni. Na ili uyajue haya, hakuna dawa nyingine ila ulale chali chini ya gari ukatazame juu.

Ndugu Mhariri, ni hapo, katika kulala chali, ndipo Pwani nzima inaposhindwa. Sasa malalamiko yangu nayapanga kwa nambari ili yule bwana wa meza ya barua asipate pa kukata.

1. Nalalamika juu ya kahawa.

Yadi ya kwanza niliyokwenda ni ya Zuhair, Changamwe. Zuhair ni kaka wa mke wa Anis. Ana pikapu moja ya dabo kebini iliyopakwa rangi ya fedha, na rangi yenyewe ilikuwa bado inanukia. Nilifika asubuhi nikiwa na nia thabiti na tochi mfukoni. Zuhair akanipokea langoni kwa mikono miwili. Akaniuliza hali yangu, hali ya mke wangu, ya mama, ya miguu ya mama, ya Khala, ya nyonga ya Khala, ya watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Kabla sijamaliza kumjibu habari za watoto, nimekalishwa, na mbele yangu pana kahawa na sahani ya halwa.

Mtu aliyekula halwa ya mwenzie atamuulizaje habari za chesi? Nilijaribu. Niliweka kikombe chini nikasema, "Zuhair, pikapu hii yaweza kuvuta uzito gani?"

Akaweka mkono kifuani kama mtu niliyempiga. "Sheikh Salem! Waniuliza mimi? Mimi na wewe?"

"Siulizi wewe, Zuhair, nauliza gari."

"Gari ni mimi."

Nikasema basi naomba nitazame chini kidogo. Hakukataa. Laiti angekataa! Aliita wafanyakazi wake: "Mleteeni sheikh mkeka. Na mto. Asichafue kanzu." Ukaletwa mkeka mpya, ukatandikwa kando ya gari. Ukaletwa mto wenye foronya ya kutariziwa. Wafanyakazi wote wakaacha kazi, wakasimama duara, na Zuhair mwenyewe akanishika kiwiko anisaidie kulala, kwa upole, kama mtu anayemlaza mgonjwa.

Nani angelala? Niliinama tu kidogo, kama mtu aliyedondosha tasbihi. Hata kwa kuinama huko niliona ndoano imechomelewa kwenye bampa kwa vipande vya chuma vilivyobaki kwenye geti la mtu. Nikainuka. Nikasema, "Mashallah, gari zuri." Haya ni maneno yangu mwenyewe, Mhariri, na ndiyo ushahidi wangu wa kwanza kwamba muhali ni hatari kwa umma.

2. Nalalamika juu ya majirani wema.

Mzee Tinga ni jirani yetu tangu Junda ikiwa mikorosho. Ni shemasi kanisani kwao, na katika maisha yake hajamdhulumu mtu hata embe. Ana pikapu inayoleta magunia ya viazi kutoka Kongowea, na kwa ajili ya magunia hayo springi zimelala, nyuma imeinama na pua imeinuka, mithili ya mbwa aliyekaa kitako akingoja mfupa. Aliposikia tunatafuta pikapu alikuja mwenyewe, akasema yuko tayari kutuachia yake.

Nilimuuliza kwa adabu kama itaweza karavani ya tani moja na nusu. Akavua kofia.

"Mwanangu Salem, gari hili ndilo lililombeba marehemu babako hadi makaburini. Lilikohoa?"

"Halikukohoa, mzee."

"Lilizimika?"

"Halikuzimika."

"Basi?"

Marehemu baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwembamba, na njia ya makaburini kwetu ni tambarare. Lakini niambie, Mhariri, wewe uliyesoma: utamwambiaje mtu aliyembeba baba yako kwamba baba yako hakuwa mzigo? Binti yake, Cindy, akapaza sauti kutoka barazani, "Baba, mwambie na ule mlango!"

"Mlango hauna neno, Cindy."

"Hauna neno kwa sababu hauna kitasa!"

Mzee Tinga akamwambia akatazame sufuria. Mimi nikatoa shukrani zangu, na nikaahidi kufikiria. Mtu wa Pwani akiahidi kufikiria amekwisha kununua nusu.

3. Nalalamika juu ya mafundi.

Nilidhani fundi ataniokoa. Fundi si ndugu wala jirani, kazi yake ni kusema ukweli na kupaka grisi. Nikamchukua fundi wetu wa miaka mingi nikampeleka kwa Zuhair. Kumbe Zuhair humfuturisha kila Ramadhani. Nikamuuliza, injini vipi? "Ina uzee wa heshima." Klachi je? "Inshallah." Breki? "Mungu yupo." Kwamba Mungu yupo sikuwa na shaka, nilitaka kujua kama breki zipo.

4. Nalalamika juu ya mtu mmoja tu aliyeniambia ukweli, kwa sababu ndiye aliyeniharibia starehe zote za uongo.

Yadi iliyopakana na ya Zuhair ni ya mwanamke mmoja anayeitwa Achieng. Hana kahawa, hana kiti, na mdomo wake husikika mpaka barabara kuu. Nilimtolea salamu kamili. Akajibu, "Poa. Unataka kuvuta nini?"

"Karavani."

"Kilo ngapi?"

Wallahi, Mhariri, machozi yalinilengalenga. Wiki nzima nilikuwa nikingoja mtu aniulize swali hilo. Nikamwambia, "Tani moja na nusu, pamoja na mama na vyombo vyake."

"Mama anakaa ndani ikivutwa? Wewe! Mama anakaa mbele na dereva, na mkanda afunge. Mlitaka kumtikisa huko nyuma kama mtungi wa maziwa?"

Kamati nzima ya ukoo, pamoja na mwenyekiti wake aliyesoma sana, haikuwa imeliwazia jambo hilo. Kisha akanionyesha pikapu yake, ya kijani, yenye sura mbaya. Akasema, "Ingia chini."

"Sasa hivi?"

"Hapana, ngoja uchaguzi upite. Ingia baba, hiyo kanzu si itafuliwa?"

Nililala chali juu ya mchanga wenye mafuta, na nikaona chesi safi na ndoano iliyofungwa kwa bolti nene kama vidole gumba vyangu. Huku nikiwa chini, nilimsikia juu yangu akitaja aibu za gari lake kama mtu anayejisifu: dirisha la kushoto halishuki, kiti cha nyuma kilitafunwa na mbwa wa mwenyewe wa kwanza, na mafuta linakunywa kama mgeni wa harusi. Alifunga trela lililojaa matofali, tukapanda nalo kilima cha Miritini, halikutetereka. Nikamuuliza ana maoni gani juu ya ile pikapu ya fedha ya jirani yake. Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Ile? Hiyo inavuta pumzi tu."

5. Nalalamika juu ya ukoo wangu.

Nilirudi Junda nikikimbia. Nikaitisha kamati ndani ya karavani, mama akiwa kitandani kwake kama jaji. Nikawaeleza yote. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ana watu gani huyo?"

"Ni Achieng, mama. Kwao Kisumu."

"Nimekuuliza watu wake, sikukuuliza kwao."

Ruwaida akasema, "Na likituharibikia njiani tutamlaumu nani? Zuhair twaweza kumnunia hata miaka kumi. Huyo utamnunia vipi na hakujui?" Anis akasema mkewe hatampikia. Nikasema kwa sauti, pengine kubwa kuliko ilivyostahili, kwamba sisi tunatafuta gari la kuvuta, hatutafuti mtu wa kumnunia.

Mama akaniambia, "Zuhair alikuja kunitazama nilipolazwa. Huyo alikuja?"

"Mama, huyo hakujui."

"Basi anijue kwanza ndipo auze."

Mjadala ulichukua chungu kizima cha chai. Uamuzi ulipopatikana nilidhani masikio yananidanganya, kwa hiyo nauandika hapa neno kwa neno. Kwa kuwa Zuhair hawezi kukataliwa, pikapu ya Zuhair itavuta karavani. Na kwa kuwa Mzee Tinga naye hawezi kukataliwa, na kwa kuwa pikapu ya Zuhair huenda isiweze peke yake, pikapu ya Mzee Tinga itatangulia mbele na kuivuta pikapu ya Zuhair. Hivyo hapatakuwa na wa kunung'unika. Niliuliza, na ni nani atakayeivuta ya Mzee Tinga? Nikaambiwa nisilete ubishi mbele ya mama. Kamba imekwisha nunuliwa.

6. Nalalamika, mwisho, kwamba ugonjwa huu hauishii kwenye pikapu.

Tazama tunavyoishi. Mkandarasi aliyetuwekea lami ya unene wa chapati hatumshitaki, kwa sababu huchangia matanga. Diwani aliyeahidi zahanati akajenga nyumba ya ghorofa hatumuulizi, kwa sababu hutuamkia sote kwa majina. Mwalimu asiyefundisha ni mtoto wa fulani, daktari asiyefika ni mkwe wa fulani, na maji yasiyotoka yako chini ya mtu mmoja mpole sana. Tumeoneana haya mpaka tumekauka koo. Himaya kubwa kubwa za dunia zilianguka kwa vita na njaa. Sisi tutaanguka kwa kuambiana "hapana neno, ndugu yangu, hapana neno", na wa kuja kutufukua atatukuta tumekufa tukitabasamu, kila mmoja ameshika kikombe cha kahawa.

Kwa hayo, Ndugu Mhariri, naiomba serikali ya kaunti ifanye yafuatayo, nami nimeyapanga kuanzia lililo jepesi.

Kwanza, kahawa, halwa, na kitu chochote kitamu kipigwe marufuku ndani ya yadi ya magari na katika mtaa unaoizunguka.

Pili, baina ya muuzaji na mnunuzi pawekwe pazia zito, kama lile la kumtenga bi harusi, wasionane nyuso mpaka gari limekaguliwa. Sauti zao zibadilishwe pia, maana sisi hutambuana hata kwa kikohozi.

Tatu, salamu ndani ya yadi isizidi neno moja. Atakayeuliza habari za miguu ya mama wa mnunuzi atozwe faini, na atakayejibu atozwe mara mbili.

Nne, kila yadi iajiri Afisa wa Utovu wa Adabu, atolewe mbali, asiwe na jamaa hapa, na kazi yake iwe kusema mbele ya watu, kwa sauti kubwa, "Gari hili ni bovu." Abadilishwe kila mwezi kabla hajaalikwa harusi.

Tano, mtu yeyote asimuuzie gari mtu aliyeshirikiana naye babu, shule, msikiti, kanisa, kisima au jeneza. Najua kwamba kwa sheria hii hakuna mtu wa Mombasa atakayeweza kumuuzia mwenzake kitu. Hilo silo kosa la sheria.

Sita, na hili ndilo kubwa: ikiwa hayo yote yatashindikana, watu wa Pwani tugawanywe upya. Wa Likoni wapelekwe Turkana, wa Kisauni wapelekwe Kakamega, wa Changamwe watawanywe popote penye nafasi, na mahali petu waletwe watu wasiojuana kabisa. Wakae hapa miaka mitatu, wakaguane magari yao kwa uhuru, kisha sisi turudi tununue yaliyobaki.

Sidhani nimeomba kikubwa. Nimeomba tu mama yangu amfikie dada yake bila ya kamba.

Nakomea hapa kwa leo. Nifikishie salamu kwa wote wa ofisini kwako, wa juu na wa chini, kwa wasomaji wako wa ng'ambo zote mbili za kivuko, kwa madereva wote walio milimani saa hii, na hata kwa Zuhair, ambaye sina ugomvi naye, nalichukia gari lake tu.

Wako katika kusema wazi,

Salem Awadh Mselem
Mwenyekiti, Kamati ya Pikapu

Baada ya sahihi: Barua hii sikuwahi kuituma, na sasa naimalizia nikiwa Wundanyi. Haki inanitaka nikueleze nimefikaje.

Jioni ile ile niliyotia sahihi, Zuhair alikuja nyumbani. Hakutaja gari. Alikaa, akanywa maji, akasema, "Sheikh, naja kukuuliza tu. Pana neno baina yetu?" Nikasema hapana neno. "Basi kesho niilete?" Nikasikia mtu akijibu, "Ilete." Nilitazama huku na huku. Tulikuwa wawili tu. Mzee Tinga naye alitutoa aibu mwenyewe, kwani klachi yake ilikatika Kongowea siku hiyo hiyo na gari la kanisa likamvuta mpaka nyumbani.

Tuliondoka, mama mbele, mkanda kifuani. Mpaka Voi sina la kusema. Mpaka Mwatate nilianza kuona haya kwa barua yangu. Baada ya Mwatate, kona ya kwanza ya mlima, rejeta ilitoa moshi mweupe na bampa likaanza kubanduka pamoja na ndoano yake, polepole, kama kifuniko cha kopo la samaki. Tukasimama, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu. Mama akakaa juani juu ya jiwe, mwavuli mkononi. Khala akapiga simu: "Mko wapi? Wali unapoa." Mama akamwambia, "Niko karibu, Basma. Nauona mlima wako." Kisha akakata, akatazama upande mwingine ili nisimwone uso.

Nilimpigia Zuhair. Nilikuwa na maneno niliyoyaweka akiba tangu siku ya mkeka. Nilipomsikia nikasema haya tu: "Mama amekaa juani." Simu ikakatika.

Alasiri ilipoelekea jioni, tuliona pikapu ya kijani inapanda. Achieng ndiye aliyekuwa anaendesha, anagomba, na Zuhair yuko kando yake ameshika kiti kwa mikono miwili. Hawa wawili walikuwa hawasemezani tangu walipogombania ukuta unaotenganisha yadi zao. Nilimuuliza Achieng ilikuwaje akakubali kuja mbali kote huku na gari analotaka kuliuza. Akaniambia, "Huyu jirani alikuja akasimama pale kwa geti akaniangalia tu. Hakusema kitu. Sasa ningefanya nini?"

Mhariri, nilijua maradhi hayo nilipoyaona.

Alifunga karavani kwenye ndoano yake, akamwambia Zuhair arudi nyuma ashikilie mawe, pikapu ya fedha tukaiacha kando ya njia, na tukapanda. Khala Basma alikuwa mlangoni, mkongojo mkononi. Sitakueleza walivyokutana, kwa sababu yule bwana wako atakata. Nitasema tu kwamba kitu cha kwanza mama alichomwonyesha dada yake ni choo. Kisha wakafunga mlango wa karavani, na tangu hapo Khala halali nyumbani kwake, analala humo. Usiku tunawasikia wakicheka. Wanacheka nini, hatuambiwi.

Kwa hiyo ombi langu naliondoa. Asingeona mtu muhali, mama angekuwa bado juu ya jiwe.

Limebaki dogo. Mama amevua leso yake begani akamfunga Achieng, amemkalisha ubavuni mwake kwenye sinia, amemuuliza watu wake mpaka babu wa tatu, na ameamua kwamba pikapu ya kijani ndiyo ya kununua. Mimi nikafurahi. Lakini kwa kuwa gari limevuta mlima mzima, na mimi bado ni mwenyekiti, nilivua kanzu asubuhi hii nikalala chali chini yake kutazama breki. Dirisha la karavani likafunguka.

"Salem! Toka chini ya gari la mwenzio! Huna haya?"

Nilimtazama Achieng anitetee. Alikuwa amejifunga leso ya mama, ameangalia milimani, amevimba midomo. "Si uliangalia ile siku? Sasa ni nini tena?"

Nikatoka, nikajipangusa vumbi, nikamwomba radhi. Breki sikuziona. Kesho tunashuka.